Tahadhari: "Ambari Halisi" Inayouzwa Mitandaoni Siyo Inayofika Mkononi

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayetafuta manukato ya ambari na mti, yale yanayovaliwa na wanawake na wanaume bila ubaguzi, kwa kuwa yupo muuzaji anayeyatangaza kwenye mitandao ya kijamii kwa maelezo kwamba yametengenezwa kwa ambari halisi ya baharini, ile itokayo kwa nyangumi, ilhali chupa anayoionyesha siyo anayoifungasha. Kurasa anazotumia hubadilika majina kila mara, hivyo kumtaja kwa jina la ukurasa hakutawafaa sana. Kisichobadilika ni namna anavyofanya kazi.

Hila yake imejengwa juu ya tabia ya manukato yenyewe. Manukato ya aina hii huanza na harufu nyepesi, aghalabu ya bergamoti pamoja na pilipili manga au iliki, ambayo hufifia baada ya muda mfupi. Ndipo mti unapoanza kujitokeza: mwerezi mkavu, sandali laini, na pengine vetiva yenye harufu ya mizizi na udongo. Ambari huja mwisho, polepole, na haiji kwa kishindo. Ina chumvi kidogo, utamu wa mbali unaokaribia tumbaku, vuguvugu la ngozi iliyokaa juani, na uvundo hafifu wa mnyama ambao mtu asiyeuzoea huenda asiutambue kabisa, ingawa ndio unaoyapa manukato hayo uhai. Huzishika pia harufu nyingine zisiruke upesi, na ndiyo maana nguo iliyonyunyiziwa jioni huweza kunukia hadi kesho yake. Kwa hiyo anayeuza bandia anahitaji kupatia dakika 15 za mwanzo tu. Viambato vya harufu za jamii ya limau ni vya bei nafuu, na mnunuzi aliyenusa mara moja karatasi ya kujaribia manukato akaridhika hulipa kabla sehemu ya thamani haijafika.

Nilichopokea kutoka kwake kilianza vizuri. Mwerezi haukutokea kamwe. Badala yake ulikuja utamu mzito wa vanila na utomvu, kisha ukali mkavu unaochoma puani kama vanishi mbichi, halafu hapakubaki kitu. Nilipolalamika nilijibiwa kwamba pua yangu imezoea. Jibu hilo ni la kijanja kwa sababu lina chembe ya ukweli: pua huchoka kwa harufu inayokaa karibu nayo, na wapo watu ambao viambato fulani vya ambari na miski hawavisikii vizuri. Hata hivyo jambo hilo hupimika kwa urahisi. Mpe mtu mwingine anuse, au toka nje upumzishe pua kisha urudi kwenye karatasi ileile.

Dai lenyewe la "ambari halisi" lilipaswa kutosha kutia shaka. Ambari hutokea katika utumbo wa nyangumi aitwaye kitaalamu Physeter macrocephalus, ambaye hula ngisi, na midomo migumu ya ngisi hao hukutwa ndani ya vipande vyake. Ikiwa mbichi huwa nyeusi na hunuka kinyesi. Inahitaji kuelea baharini kwa miaka mingi, ikipigwa na jua na chumvi, ndipo igeuke kijivu au nyeupe na kupata harufu inayosifiwa. Ni adimu na ghali mno, na nchi kama Marekani, Australia na India zimepiga marufuku biashara yake. Watengenezaji wengi wa leo hutumia ambroksidi, kiambato kinachopatikana kwa kubadilisha kikemia sklareoli, yaani kemikali itokayo kwenye mmea wa kunukia wa jamii ya seji, na kinachofahamika zaidi kwa jina la kibiashara Ambroxan. Binafsi sioni kasoro yoyote katika hilo. Manukato ya ambroksidi yaliyotungwa vizuri ni mazuri kweli. Kasoro ni kuuziwa kwa jina la nyangumi kitu ambacho hata ambroksidi hakina.

Msihadaike na video anayoonyesha sindano ya moto ikigusa kipande cha kijivu kinachoyeyuka na kutoa moshi. Kipimo hicho kipo na hutumiwa kukagua kipande cha ambari, lakini hakithibitishi lolote kuhusu kimiminika kilicho ndani ya chupa. Nambari ya toleo iliyo chini ya boksi nayo haitoshi, kwani wajanja huinakili. Tofauti ikionekana kati ya boksi na chupa ni ushahidi, ila kufanana si ushahidi. Kagueni zaidi shingo ya chupa, kwa sababu chupa nyingi za asili hufungwa kwa ukosi wa chuma uliobanwa, na aliyejaza upya chupa tupu mara nyingi huacha mikwaruzo hapo.

Ukinunua ana kwa ana, omba kunyunyiziwa kutoka chupa ileile utakayoondoka nayo, kwenye karatasi na kwenye nguo, kisha nenda zako urudi baada ya saa kadhaa. Anayekataa amekwisha kujibu. Usikimbilie kuyapaka kwenye ngozi, maana manukato bandia yamewahi kukutwa na methanoli, ambayo ni sumu. Ukiagiza kwa mbali, lipa baada ya kupokea, au tumia njia ya malipo inayoruhusu kudai fedha zako.

Kwa waliokwisha kuuziwa: msiimwage chupa wala kutupa boksi. Hifadhini tangazo, mazungumzo na risiti ya malipo kabla ukurasa haujafutwa, kisha pelekeni malalamiko mapema kwa mtoa huduma ya malipo na kwa mamlaka ya kulinda walaji, kwa kuwa muda wa kupinga muamala huwa na kikomo na muuzaji huyu huwazungusha watu kwa ahadi za kubadilishiwa chupa hadi muda huo upite.