Mashine ndogo ya ECG ya chaneli 3: amini mistari, si maneno

Kwa vituo vya afya vya visiwa vya Ukerewe au Kome, ambako mgonjwa wa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, anasubiri kwanza kivuko, mashine ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya chaneli 3 yenye betri inafaa kuliko ile kubwa ya kusukuma kwa magurudumu. Mtu mmoja anaibeba, umeme ukikatika haizimiki, na lidi (pande ambazo umeme wa moyo hutazamwa) ni zilezile 12, ila inazichapa tatu tatu kwenye karatasi ya milimita 80. Kila kipande ni kifupi. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, hamia hali ya kuendesha kwa mkono (manual), chapa lidi II peke yake kwa sekunde 10 au zaidi.

Mistari yake inasomeka vizuri. Anza na alama ya kipimo: milimita 10 kwa milivolti 1, kasi ya karatasi milimita 25 kwa sekunde. Kisanduku kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa 0.2. Gawa 300 kwa visanduku vikubwa vilivyo kati ya R na R, yaani ncha ndefu za mapigo mawili yanayofuatana. Vikiwa vinne, moyo unapiga 75 kwa dakika. PR (kutoka mwanzo wa wimbi dogo la P hadi QRS) ni vidogo 3 hadi 5, QRS (wimbi kali lenye ncha hiyo ya R) isifike 3.

Tatizo ni ule uchunguzi inaouandika juu ya karatasi. Mashine haioni kifua. Ukibandika V1 na V2, elektrodi mbili za kwanza kati ya sita za kifua, juu mno, kosa la kila siku, inaweza kukuandikia shambulio la zamani la moyo ambalo halikuwepo. Papasa kinundu cha mfupa wa kidari: ubavu unaokutana nacho ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Shuka hadi ya nne. V1 kulia kwa mfupa, V2 kushoto. V4 ni nafasi ya tano, mstari wa katikati ya mtulinga, na kwa mwanamke huwekwa chini ya titi. Lidi I ikipinduka yote na aVR (lidi ya mkono wa kulia, ambayo kwa kawaida huelekea chini) ikasimama, waya za mikono zimebadilishana.

Filta ya 50 Hz, inayoondoa mtetemo wa umeme wa ukutani, iache imewashwa. Ile ya misuli, ya 25 au 35 Hz, inapendeza macho lakini inakata ncha za QRS na inaweza kupotosha ST, kipande kinachofuata QRS. Kwa mgonjwa wa maumivu ya kifua izime, mfunike shuka atulie. Na kipimo kikitoka safi huku kifua bado kinauma, rudia baada ya dakika 15 hadi 30.

Dawa nazo mashine haizijui, kwa hiyo ziandike kwa kalamu kwenye karatasi. Digoksini, dawa ya moyo, huifanya ST ibonyee kama kata ya kuchotea maji, na huo si upungufu wa damu kwenye moyo. Furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, ikimaliza potasiamu, wimbi la T linalofuata ST hulala na wimbi dogo la U hujitokeza baada yake. Spironolaktoni, ambayo hubakiza potasiamu, kwa mwenye figo dhaifu ikileta T ndefu zilizochongoka, hiyo ni dharura. Bisoprololi, dawa ya moyo na presha, hupunguza mapigo na yaweza kurefusha PR. QTc (muda wa kuanzia QRS hadi mwisho wa T, uliorekebishwa kwa kasi ya mapigo) nayo mashine nyingi huikokotoa kwa kanuni ya Bazett, inayoikuza mno moyo ukienda kasi; mwenye homa na mapigo 120 anaonekana hatarini bure. Kokotoa upya kwa kanuni ya Fridericia kabla ya kusimamisha dawa.

Vifaa vyake ndivyo dhaifu. Vinyonyo vya mpira hukakamaa, na vikombe vyake huota kutu jeli ikiachwa. Vioshe kila baada ya mgonjwa. Jeli ya ultrasaundi inatosha, lakini weka matone yaliyoachana: ukipaka mstari mmoja kutoka V1 hadi V6, lidi zote za kifua zitafanana. Karatasi haivumilii joto, jua la boti linaiharibu, na spiriti pia. Ipige picha kwa simu kabla mgonjwa hajaondoka.

Kabla ya kulipa, fungua boksi uangalie rangi za waya. Kwa mfumo wa kimataifa wa IEC, nyekundu ni mkono wa kulia, njano wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi wa kulia. Kwa ule wa Marekani, nyekundu huenda mguu wa kushoto na nyeusi mkono wa kushoto. Kituo kimoja kisiwe na mifumo yote miwili.