Kompyuta Nzito Nyumbani: Niongeze RAM au Ninunue Nyingine?

Haya, karibuni tena watazamaji wangu. Leo niko hapa Ngamiani, Tanga, na mezani nina mashine mbili, zote mtumba. Hii ya kushoto ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012: prosesa, yaani ubongo wake, ni Intel i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB, na hadi diski (hard disk, ghala la mafaili) ya kuzunguka. Ya kulia ni OptiPlex 7060 ya 2018, i5 ya kizazi cha nane. Ya zamani tuiongezee RAM, au tuiuze tuhamie huku?

Kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia penye Performance. Tazameni kioo: nimefungua Chrome na kurasa zake, na Word basi. Memory, ndiyo hiyo RAM, inakaribia kujaa. Sasa shukeni kwenye Disk, asilimia mia! RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mizigo kwenye hadi diski, na hadi diski ya aina hii inasoma kama MB 100 hivi kwa sekunde, tena hapo ni siku nzuri. Ndiyo maana mashine inastaki, mtoto anapiga kipanya mezani.

Nimechomeka vipande viwili vya 4GB. Kurasa sasa zinafunguka bila kuganda, hilo halina ubishi. Lakini kuwasha? Bado unawasha, unakwenda kukoroga uji, unarudi, duara linazunguka. RAM haikuja kutibu hilo. Nikaitoa hadi diski, nikaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya kawaida ya SATA, inayosoma kama MB 500 kwa sekunde, na hapo ndipo mashine ilipozaliwa upya. Kwa hiyo kama tayari una 8GB, achana na RAM, pesa yako ipeleke kwenye SSD.

Mkienda dukani, angalieni haya. DDR3 na DDR4 ni vizazi vya RAM: mashine ya DDR3 haipokei DDR4, pengo la katikati haliko mahali pamoja, usilazimishe. Ukiuziwa RAM ya seva, imeandikwa ECC Registered, bei ya kutupa, iache hapohapo, kwenye kompyuta hizi za mezani haiwaki. Na kama Windows yako ni ya biti 32, hata ukijaza 16GB itatumia kama 3 na ushei tu. Fundi asiyekuuliza hilo, mshukuru, uondoke.

Nyie wa Raskazone na wote mnaopigwa na upepo wa bahari: wakati mwingine RAM haijafa, meno yake yamefifia kwa chumvi na unyevu. Chomoa waya wa umeme, itoe, yasugue taratibu kwa kifutio cheupe, pangusa, rudisha mpaka isikike "ta!" pande zote mbili. Bure kabisa.

Sasa ubaya wa kushoto. Usaidizi wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya mashine. Wapo mafundi wanaoilazimisha ikaingia, na inawaka, ila Microsoft hawakuhakikishii masasisho. Kwa hiyo mimi hii ya 2012 naiwekea SSD na 8GB ya mtumba, napakia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, mtoto aandike na asome. Zaidi ya hapo siiongezei hata mia. Kama unafanya kazi za ofisi, au pesa zako za benki zinapita humo, chukua ya kulia.

Ila mtumba wa Tanga ni waja leo waondoka leo, na muuzaji ana haraka, kwa hiyo jina lisikutoshe. Dell walilirudia jina la OptiPlex 7010 mwaka 2023, kwa mashine ya kizazi cha 13! Soma kibandiko cha prosesa. RAM za DDR4 na DDR5 nazo zimepanda bei tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinakimbilia vituo vya data vya akili bandia, hivyo bora ununue mashine ambayo RAM yake inatosha tayari. Kwenye kompyuta mpakato nyembamba ndiyo kabisa, nyingi RAM yake imelehemiwa kwenye bodi, huongezi kitu.

Mtakaouliza bei hapo chini, leteni kwanza picha ya kibandiko cha RAM yenu, karibu kabisa, tuone kama ni PC3 au PC3L, yaani DDR3, au PC4, yaani DDR4.