Walikuja kuua viroboto, wakamwachia mama yangu aibu

Hasira hii ninayo tangu kiangazi kilichopita. Nilisema itapoa, haijapoa. Juzi nimepiga simu nyumbani, nikamuuliza mama kama jumuiya ilisali kwake wiki hii. Akanijibu taratibu, "Hapana mwanangu, wameenda kwa jirani." Ilikuwa zamu yake. Ndiyo maana naandika.

Nyumbani ni kijijini, upande wa Urambo, kwenye tumbaku. Nyumba ya mama ni ya tofali za kuchoma na bati, sebule ina saruji, ila chumba cha nyuma na stoo bado ni udongo. Nilimchukua akakaa kwangu Tabora mjini kama mwezi na nusu, anatibiwa macho. Nyumba ikafungwa. Siku tuliyomrudisha tulifungua mlango, tukaingiza mizigo, na chai haijachemka mwanangu akaanza kulia anajikuna miguu. Usiku ule hatukulala. Asubuhi nilihesabu alama zaidi ya thelathini kwenye miguu yangu, zimejipanga mbilimbili, tatutatu, kuanzia kifundoni mpaka chini ya goti. Mdudu hatukumwona hata mmoja.

Kila aliyepita alikuwa na jibu lake. Wa kwanza akasema kunguni. Tukageuza magodoro, tukapekua mishono yote, hakuna hata doa jeusi. Wa pili akasema papasi, na hapo niliogopa kweli, maana homa ya papasi naijua: inapanda, inashuka, unadhani umepona, siku chache baadaye inakuangusha tena. Nilimkimbiza mtoto zahanati. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, joto lake la kawaida, muuguzi akaniambia nimrudishe haraka homa ikianza. Haikuanza. Wa tatu akaleta habari za kutumiwa vitu, nikamwomba aishie hapo. Mama yeye aliuliza swali moja tu: "Nyumba ilikuwa tupu muda wote huo. Hao wadudu walikuwa wanamla nani?"

Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia wiki ile, na wale niliowalipa hawakulijibu.

Nikawapigia watu wa kupuliza dawa. Jina lao nalihifadhi. Wanatoka mjini, wanazunguka vijijini kwa pikipiki na bomba la mgongoni. Tukapatana elfu sitini, na mafuta juu yangu. Wakaja vijana wawili, mmoja mwenye kofia ndiye mkubwa, mwingine msaidizi. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani na wanawake watatu wa jumuiya waliokuja kumpa pole ya macho. Yule wa kofia alipita mbele yao. Hakusema shikamoo. Hakusema hata hodi. Akasimama mlangoni na simu mkononi, akaangalia ndani, akageuka, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu: "Bibi, hivi vitu vinafuata uchafu. Mkifanya usafi haviji."

Mama hakujibu. Alishika khanga yake akaivuta mabegani. Wale wanawake wakaangalia chini.

Naomba mnielewe. Mama yangu anaamka saa kumi na moja. Uwanja anaunyunyizia maji kabla ya kufagia, vumbi lisimwingie jirani. Ile sakafu ya udongo anaisiriba kwa mikono yake, na ana zaidi ya miaka sabini. Kijana ambaye hajainama hata kuchungulia chini ya kitanda anakuja kumwambia mchafu, mbele ya watu anaosali nao.

Hakuuliza tumeng'atwa wapi. Hakuuliza tuna mifugo gani. Akachanganya dawa, akapuliza. Alipofika kwenye kona ya mtungi wa maji ya kunywa nilipiga kelele, maana hakutuambia tutoe kitu. Msaidizi ndiye aliyekimbia akaubeba nje, akaniambia pembeni, "Samahani dada, umwage hayo maji, uuoshe." Yule dogo nitamrudia.

Siku tatu za kwanza tulipumzika. Nilikuwa tayari nimeanza kuwasifu. Wiki ya pili wadudu wakarudi, wanaruka kwenye miguu kama hakuna kilichofanyika. Nikapiga simu. Yule wa kofia akanijibu, "Sisi tumemaliza kazi yetu, mwambie bibi afanye usafi." Akakata.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja wa kijijini, aliwahi kuwa bwana mifugo, sasa amestaafu. Alikuja jioni, akasalimiana na mama kama watu wanavyosalimiana, salamu zikaenda na kurudi, habari za macho, za watoto, za mvua. Halafu akaomba soksi nyeupe. Akazivaa, akatembea polepole chumba cha nyuma, akaingia stoo, akatoka. Jamani! Soksi zilikuwa na vidoadoa vya kahawia vinavyotembea. Viroboto. Usiku akatuwekea karai la maji yenye sabuni sakafuni, na taa ya sola juu yake. Kiroboto hufuata mwanga, akirukia maji ya sabuni anazama. Asubuhi karai lilikuwa na viroboto sikutamani kuvihesabu.

Akaniuliza: mbwa wenu analala wapi? Hapo ndipo tulipokumbuka. Mlango wa nyuma wa stoo una pengo chini. Tulipokuwa mjini, mbwa alipenya akazalia mle, kwenye magunia matupu. Jirani alikuwa akimpa chakula nje, akaja kuwaona watoto wakiwa wameshakua, akawahamishia kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, wala hakuona kama ni jambo la kutupigia simu.

Basi swali la mama likapata jibu. Viroboto walikula mbwa na watoto wake. Mayai hayang'ang'anii kwenye manyoya, yanadondoka chini, kwenye vumbi na nyufa za udongo. Yanatoka vijidudu kama minyoo midogo, vinakula uchafu unaodondoka kutoka kwa viroboto wakubwa, kisha vinajifunga kwenye kifuko na kusubiri. Vinaweza kusubiri hata miezi. Wanachosubiri ni mtikisiko wa hatua, joto la mwili, pumzi. Tulipofungua mlango na kukanyaga ile sakafu, tuliwaamsha wote kwa pamoja. Na kwa sababu wanaruka kutoka chini, wanaishia miguuni. Kunguni angetutafuna mikono na shingo tukiwa tumelala. Mtu wa kazi hiyo angeuliza swali moja tu, mmeng'atwa wapi, akajua.

Na dawa haipenyi ndani ya kile kifuko. Kwa hiyo kuwaona tena baada ya wiki mbili haikuwa ajabu, ilikuwa ni ya kutarajiwa. Kilichotakiwa ni kupuliza tena, na katikati ya hapo kufagia kila siku, kuchoma yale magunia, kufua matandiko kwa maji ya moto, kuanika mikeka kwenye jua kali. Mzee mwenyewe alipima dawa ya mifugo akamwogesha mbwa, akatuonya tusimpake paka dawa ya mbwa maana nyingine zinamuua. Tukanunua dawa dukani, tukapuliza mara ya pili. Baada ya kama wiki tatu karai lilikaa usiku mzima likawa tupu.

Kwa haki, basi, niseme dawa yao siyo feki. Iliua waliokuwa nje ya vifuko. Nilipanga kuandika kwamba msiwaite kabisa, lakini yule msaidizi ana adabu na ana mikono ya kazi. Siku akianza kwenda peke yake nitamwita na nitamlipa. Labda hata niseme waiteni, ila muwabane waje mara mbili kwa bei ileile, na vyakula na maji mtoe nje wenyewe.

Hapana. Nimesoma nilichoandika hapo juu na nakifuta moyoni. Elfu sitini ningeisahau, mtungi ningeusahau. Mama anapata wageni siku hizi, anawatolea vigoda nje, hata mvua ikinyesha wanabanana barazani. Ndani hamkaribishi mtu. Nimemweleza habari ya mbwa mara ngapi, ananiambia, "Wewe unajua. Wao walisikia yale."

Sitaki kurudishiwa pesa. Nataka yule kijana arudi bila bomba, avue kofia, aseme shikamoo, na aseme mbele ya wanawake walewale watatu kwamba ni mbwa alizaa stooni.