Kadena ya kengele: sauti inayo, mlango je?

Kadena hizi zenye king'ora ndani, zinazolia zikiguswa, zimejaa mtaa wa Birere hapa Goma. Kwenye boksi wameandika 110 dB (desibeli, kipimo cha ukali wa sauti), na kelele yenyewe haina ubishi: ikilia karibu na sikio, utaiacha ianguke. Ukiifunga inatoa mlio mfupi, kumaanisha imejitega. Ikiguswa inaonya kwanza; ikiendelea kutikiswa inapiga king'ora.

Tabu ni nyumba zetu za Goma. Mlango wa mbao juu ya mawe ya lava hautulii. Lori likipita, upepo ukisukuma manjanja, au ardhi ikitetemeka kama ilivyozoea chini ya volkano ya Nyiragongo, kadena inaanza kulia. Ikilia bure mara tatu, mara ya nne jirani anajifunika blanketi. Funga kipande cha mpira wa ndani wa tairi kati ya kadena na mlango ili visigongane; itapungua, haitaisha. Aina nyingi zinakubali pia kufungwa kimya: geuza kile chuma cha U, ingiza mguu wa pili. Hiyo ni ya mchana.

Kabla ya kulipa, omba tupa. Ipitishe kwenye chuma cha U: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma na kuacha unga, msumeno nao utauma. Kisha jaribu funguo za kadena nyingine za katoni hiyohiyo. Ukipata unaofungua, rudisha.

Lakini mwizi mwenye mtarimbo hana haja na kadena. Anang'oa bamba linaloishika, maana fundi alilibana kwa visi nne fupi, nazo zinatoka na vipande vya mbao. Toboa mlango mpaka ndani, pitisha buloni za milimita 8 zenye kichwa cha mviringo kwa nje, weka rondela pana na ekru kwa ndani, halafu gonga ncha ya buloni kwa nyundo ili ekru isifunguke. Tazama na bawaba: kama pini yake iko nje na inatoka, kadena unafungia nini?

Betri mara nyingi ni zile ndogo za LR44, mfano wa kifungo cha shati. Mlio ukififia badilisha zote pamoja. Tundu la funguo litazame chini, mvua isiingie.

Kwa mlango wa chuma wa depo, penye mlinzi wa kusikia, inunue. Kwa mlango wa mbao, pesa iende kwanza kwenye buloni na kadena nene isiyolia. Filimbi ya kuamshia majirani ni bei ndogo, na haitaki betri.