TAHADHARI: "Mpingo" mweusi nje, mweupe ndani, na seti za kalamu zinazonasa sumaku

Wakuu, habari za jioni. Nawasemesha hasa wenzangu mnaokereza kalamu za mbao nyumbani, na mafundi wa Tabora, Urambo, Sikonge mpaka Kigoma mnaoagiza vifaa kwa simu. Kuna muuzaji amenipiga shilingi 178,000, na kwa jinsi alivyojipanga sidhani kama mimi ni wa kwanza.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kalamu hizi huja kwa seti. Kwenye kifuko unakuta mirija miwili ya shaba ya njano yenye upana wa milimita 7, ncha, klipu, pete ya katikati, kidude cha kupindisha kinachotoa na kurudisha wino, na wino wenyewe. Mbao unaleta wewe. Unatoboa kipande, unagandisha mrija ndani yake, unakereza mpaka kilingane na vyuma, unapiga msasa, halafu unabana kila kitu kwa jiliwa. Mashine yangu niliundiwa na fundi wa kuchomelea kwa mota ya mashine kuukuu ya kufulia. Jumamosi moja inanitosha kutoa kalamu tatu na kusahau marundo ya madaftari.

Mwezi wa saba nikaona tangazo la jamaa anayesema yuko Dar, anauza seti pamoja na mpingo uliokatwa tayari. Nikajaribu kidogo: seti mbili na kipande kimoja cha mbao. Mzigo ukafika kwa basi siku ya tatu, na vitu vilikuwa safi kabisa. Mirija mizito, kidude laini, mpingo wenyewe. Kumbe ndicho chambo.

Shuleni tukakubaliana kuwapa wageni na walimu kalamu kwenye mahafali ya kidato cha nne. Nikaagiza seti 20 kwa 6,000 kila moja, vipande 20 vya mpingo kwa 2,500, na nauli ya mzigo 8,000. Najua mtaniuliza, mtu wa Tabora anaagizaje mbao Dar wakati mninga na mkurungu viko mlangoni? Penye miti hapana wajenzi, nimekubali. Ila mkuu wa shule alitaka kalamu nyeusi, na mimi sikutaka kumwambia haiwezekani.

Wakati wa kutuma hela, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, si lake. Nikampigia. "Hiyo laini ya mke wangu, mwalimu, wewe tuma tu." Miaka yote nacheka meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na siku hiyo nikatuma.

Mzigo ukaja. Sikuwa mjinga kabisa, nilikuwa na ndoo ya maji tayari. Mpingo ni mzito kuliko maji: mita moja ya ujazo ina zaidi ya kilo 1,200, na maji ni kilo 1,000, kwa hiyo kipande cha mpingo lazima kizame. Nikatumbukiza vitano. Vyote vikazama tii! Nikamwandikia jamaa ujumbe wa shukrani, na huo ujumbe sasa unaniuma kuliko hela.

Siku mbili baadaye nikafunga kipande cha kwanza na kuanza kutoboa. Biti iliposhuka kama robo sentimita, unga ukabadilika. Ulianza mweusi, ukawa wa kijivu, halafu ukatoka mweupe kama wa sembe, tena wenye unyevu, unanata kwenye biti. Nikadhani macho. Nikatoboa cha pili, cha tatu, hali ile ile. Nikachukua kitambaa cheupe chenye spiriti nikafuta kipande kizima: kitambaa kikawa cheusi na harufu ya dawa ya viatu ikanipiga puani.

Nilipompigia akawa mtulivu sana. Akasema mpingo una sehemu nyeupe, nisiwe na wasiwasi, na aliyasema kama mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo mara nyingi. Ni kweli mpingo una sehemu nyeupe. Lakini iko nje, ni ukanda mwembamba chini ya gome, na weusi ndio kiini. Mti wake yeye ni mweusi nje na mweupe ndani. Mpingo wa hivyo haujaota bado.

Na ndoo je? Vipande vilikuwa vibichi. Mti mbichi umebeba maji tele, na miti mingi migumu ya miombo huzama ikiwa bado mibichi. Kwa hiyo usitegemee ndoo peke yake. Kwanza toboa tundu dogo kwenye ncha moja uone unga wa ndani, maana unga wa mpingo hubaki wa zambarau iliyokolea au mweusi mpaka katikati.

Kwa ubishi nilikamilisha kalamu moja, nikaipaka rangi mwenyewe. Usiku wa tatu ikiwa mezani nikasikia "ta!" Asubuhi nikakuta ufa kutoka ncha mpaka kwenye pete. Mbao mbichi inapokauka husinyaa, na mrija wa chuma ulio ndani hausinyai. Kwa kiangazi hiki chetu hata wiki haikumaliza.

Seti nazo ni hadithi hiyo hiyo, sitairefusha. Kati ya 20, sita hazina kidude cha kupindisha, na wino mwingi umekauka. Mirija ni chuma chepesi kilichopakwa rangi ya dhahabu. Sumaku inainasa. Angalizo: pimeni mrija tu, msipime klipu, kwa sababu klipu nyingi ni za chuma hata kwenye seti nzuri, na mnaweza kumwonea muuzaji mwaminifu.

Nilipodai hela yangu, akasema atanibadilishia mzigo wote, ila nitume 15,000 ya "kufungua oda mpya". Nikagoma. Akanibloki saa ile ile. Ndipo nikarudi kuziangalia picha zake kwa makini. Kwenye moja, pembeni ya kalamu kuna sarafu ya Marekani imewekwa kuonyesha ukubwa. Muuzaji wa Dar anapimia kalamu kwa senti za Marekani! Nilikuwa nimeitazama picha ile zaidi ya mara kumi.

Fundi mmoja wa Sikonge ameniambia naye alipata mzigo wa aina hiyo mwezi uliopita, kwa jina jingine na namba nyingine. Mtindo ni ule ule: sampuli nzuri, oda kubwa, laini ya "mke". Ndiyo maana sitaji jina wala namba hapa. Atabadilisha kesho, na namba ya leo inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote.

Mimi nimeripoti polisi na nina RB, yaani namba ya taarifa yangu kituoni, nikaenda na risiti za miamala na mazungumzo yote bila kufuta hata neno, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa utapeli wa aina hii. Namba na ujumbe wake nimevituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, bure. Nilichochelewa ni kupiga huduma kwa wateja wa mtandao wa simu. Nilipiga baada ya siku nne, hela ilishatolewa siku ile ile niliyotuma. Kama umemtumia leo au jana, acha kusoma hapa, piga sasa hivi uombe muamala uzuiwe.

Mahafali ni wiki ijayo. Fundi milango wa hapa Ng'ambo amenipa masalio ya mninga mkavu, gunia zima kwa 2,000, na mkuu wa shule ameambiwa kalamu zitakuwa za kahawia. Mwenye seti nzuri mkononi, za mirija ya shaba, aliyepo Tabora mjini, aniambie. Nitakuja mwenyewe, na sumaku mfukoni, na hela nitalipa nikishaona.