Uzoefu wangu: Aimpoint Micro H-2 kwenye bastola ya shabaha

Bastola ninayoitumia katika mashindano ya shabaha hapa Marekani ni Ruger Mark IV Target ya .22, na baada ya kulinganisha vilengeo kadhaa vya nukta nyekundu (vyenye kioo kinachoonesha nukta ya mwanga ya kulengea) nilichagua Aimpoint Micro H-2 yenye nukta ya MOA 2 (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii). Katika mchezo huu mpigaji husimama akiwa ameshika bastola kwa mkono mmoja, akilenga shabaha iliyo umbali wa yadi 50 na nyingine ya yadi 25, kwa hiyo kilengeo kinachosifiwa na wanaobeba bastola kiunoni hakifai hapa kila mara.

Kilichoniamulia ni ukubwa wa nukta. Katika yadi 50, MOA moja hufunika takribani nusu inchi. Nukta yangu basi hufunika inchi moja, ilhali duara la kumi, yaani la alama kumi, katika umbali huo lina kipenyo cha inchi 3.36. Nukta ya MOA 8, inayopatikana kwenye baadhi ya vilengeo vidogo vya kioo kilicho wazi, hufunika inchi 4, yaani duara lote la kumi na ziada. Wapo wanaoipenda kwa kuwa haioneshi sana mtetemeko wa mkono, na hoja yao ina uzito katika mizunguko ya haraka, ambapo risasi tano hupigwa ndani ya sekunde 10. Mimi haikunishawishi.

Mwangaza nao unahitaji subira. Nukta ikizidi kung'aa huchanua na kuota miiba, ndiyo maana huishusha mpaka ionekane kwa taabu kidogo juu ya weusi wa shabaha. Ikiendelea kuonekana kama nyota hata ikiwa hafifu, ipige picha kwa simu kupitia kioo cha kilengeo: ikitoka duara safi, kasoro iko jichoni, pengine astigmatizimu (mbinuko wa jicho usio sawa), na kubadilisha kilengeo kwa kingine cha namna hiyo hakutasaidia kitu.

Ufungaji ulinisumbua kuliko kilengeo chenyewe. Reli ya kwanza ya kushikilia kilengeo, niliyoiagiza kwenye duka moja la mtandaoni, ilikuja na skrubu zilizolegea kila baada ya mazoezi, na matundu ya risasi kwenye shabaha yakawa yanahamia kushoto taratibu. Nilipofunga reli nyingine na kutia gundi ya skrubu, yalitulia. Kwa bahati nzuri bolti ya Mark IV, kipande kinachorudi nyuma kila risasi inapopigwa, husogea ndani ya bastola huku reli ikibaki palepale, hivyo kilengeo hakirushwi huku na huko kama kile kinachofungwa juu ya slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kwenye bastola nyingine.

Bei ni kali, inaweza hata kuipita ya bastola yenyewe. Betri ni CR2032 ya kawaida, ambayo kampuni inasema hudumu saa 50,000. Anayejiandaa kwa mashindano ya bastola ya ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha), yakiwemo ya Olimpiki, asinunue chochote kati ya hivi, kwa sababu huko huruhusiwa vilengeo vya chuma tu, visivyo na kioo wala nukta.