Uzoefu wangu: mota ya katikati kwenye baiskeli ya mkanda, hapa Mombasa

Nimefunga mota ya umeme kwenye ekseli ya pedali za baiskeli inayoendeshwa kwa mkanda badala ya mnyororo. Mota yenyewe sina kesi nayo. Kazi yote iko kwenye kipande cha alumini kisichozidi kisahani cha chai, yaani adapta inayoshikilia sproketi (gurudumu la meno) ya mkanda kwenye mota. Kikikaa sawa, unasahau kama una mota. Kikikosea kupita milimita moja, mkanda unalia toka Kizingo hadi Bamburi.

Vifaa ni hivi: mota ya Bafang BBS02 ya volti 48 na wati 750, betri ya volti 48 yenye ampea-saa 13, mkanda wa Gates CDX, sproketi ya meno 50 mbele na 24 nyuma, na habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) ya Shimano Nexus yenye gia 8 ndani yake. Fremu ni ya alumini. Nyuma ina mahali pa kufungua ili mkanda upite, maana mkanda haukatwi ukaungwa kama mnyororo, na gurudumu la nyuma linavutwa kwa skrubu ili kukaza.

Kabla ya kutoa shilingi, pima bomba linalopitisha ekseli ya pedali. Liwe na upana wa milimita 68 au 73, na tundu la milimita 33.5 au zaidi kidogo. Zipo fremu za mkanda zenye bomba pana ambamo ekseli yenyewe huzungushwa kando ili kukaza mkanda. Ukiingiza mota humo umepoteza njia ya kukazia, kwa hiyo ziache. Ziache pia zenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Mota ya kawaida ina klachi ndani, na ukirudisha miguu hakuna kinachofika kwenye gurudumu.

Idadi ya meno ya mbele ibaki ile ile iliyokuja na baiskeli. Jino moja la mkanda ni milimita 11, na mkanda mrefu kwa jino moja unadai ekseli ya nyuma isogee milimita 5.5. Ukitoka meno 50 kwenda 46 utajikuta unaagiza mkanda mwingine, na huo hauupati kwenye maduka ya spea kama unavyopata mnyororo.

Sasa adapta. Bolti tano za mota haziendani na matundu ya sproketi ya Gates, ndiyo maana inahitajika. Niliyoletewa kwanza ilikuwa na makosa mawili. La kwanza, sproketi ilikaa milimita 3 nje ya mstari wa ile ya nyuma. Pima kwa rula ndefu ya chuma iliyonyooka, uilaze kwenye uso wa sproketi ya mbele uone inavyofika nyuma. Mnyororo ungevumilia mpindo huo. Mkanda hauvumilii: una mfereji katikati unaopita kwenye ukingo ulio katikati ya sproketi, na ukivutwa upande unapanda ukingo, unalia, kisha unaanza kutoa unga mweusi. Mimi siachi tofauti izidi milimita moja.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halionekani kwa macho: tundu la adapta halikuwa katikati kamili. Nililigundua kwenye kupima mkazo. Programu ya Gates ya simu husikiliza mlio wa mkanda ukiuchapa kama uzi wa gambusi, ikakupa herizi, yaani mitetemo kwa sekunde. Kwa habu ya gia za ndani nalenga kati ya 35 na 50. Pedali ikiwa juu nilisoma 36, nikaizungusha nusu nikasoma 58. Mkanda ule ule, dakika ile ile! Ukikaza kwa kufuata upande uliolegea, upande wa pili unakula beringi za habu na za mota. Ukilegeza, mkanda unaruka meno unapopanda Daraja la Nyali. Hakuna namba ya katikati inayoponya hilo. Dawa ni kukereza upya au kununua nyingine.

Nilinunua nyingine, iliyobonyea kuelekea ndani. Hiyo ikaingiza sproketi ndani kupita kiasi kwa milimita moja, kosa rahisi kabisa kurekebisha: niliweka washa (pete bapa) moja ya milimita 1, iliyokerezwa na fundi, kati ya mota na bomba upande wa kulia, na mota nzima ikasogea nje. Kumbuka njia hiyo inakwenda upande mmoja tu. Huwezi kusogeza mota ndani kwa washa, na kila milimita unayoongeza kulia inapunguza hesi (mikato ya skrubu) zinazoshikwa na nati ya kushoto. Baada ya hapo herizi zilikaa kati ya 42 na 46 mzunguko wote. Pima pedali ikiwa pande nne, tena ndani ya nyumba. Ukipimia Mwembe Tayari, simu itakusomea honi za matatu.

Kufunga mota hakuna maajabu. Ng'oa krenki (mikono ya pedali) kwa kifaa chake cha kung'olea, toa ekseli ya zamani, safisha hesi, paka grisi, ingiza mota kutoka kulia, weka bamba la meno kushoto, kaza nati kubwa kisha ile nyembamba juu yake. Fremu na mwili wa mota vikikutana na hewa ya chumvi hushikana, kwa hiyo grisi usiionee huruma. Baada ya kilomita 50 kaza tena. Mota inaposukuma, mwili wake unataka kuzunguka kinyume, na nati iliyolegea huifanya ijinyonge kidogo kidogo hadi inagonga fremu. Hapo mstari wa mkanda nao umeharibika.

Kwa nguvu ya kiwandani sikubaliani na wauzaji. Ampea 25 za kiwandani mara volti 48 ni wati 1,200 zinazotoka kwenye betri, na habu ya Nexus haikuundwa kubeba mzigo huo. Kwa waya wa USB wa kuprogramu nilishusha hadi ampea 15, nikapunguza na mkondo wa kuanzia, kwani mota hii hupima mzunguko wa pedali, si nguvu ya mguu, na huondoka kwa kishindo. Ongeza pia kihisi cha gia kwenye waya wa gia. Kinakata mota kwa kitambo kidogo unapobadilisha, na hicho ndicho kinachookoa meno ya ndani ya habu.

Mwendo: gia ya 8 kwa mizunguko 70 kwa dakika inatoa karibu kilomita 30 kwa saa, na gia ya 1 karibu 10. Kwenye tambarare natumia wati-saa 9 hadi 11 kwa kilomita. Kusi ikinipiga usoni inafika 14. Kwa betri ya wati-saa 624 nahesabu kilomita 40 bila kuikamua. Betri kubwa kama hii usidhani utaileta na mzigo wako wa ndege, kwani abiria haruhusiwi kuzidi wati-saa 160.

Mkanda hauli mafuta wala haushiki kutu, na kwa mji uliozungukwa na bahari hilo pekee lilinitosha kuukubali. Mchanga wa ufuoni nauosha kwa maji tu, ya ndoo, si ya presha, yasije yakaingia kwenye beringi za mota. Chumvi inashambulia soketi za waya: kila moja ina mshale, ziunganishe mishale ikitazamana, ukishapaka grisi ya silikoni. Soketi ya betri naikagua kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki. Rangi ya kijani ikianza kwenye shaba, safisha siku hiyo hiyo. Mkanda wa akiba uning'inize kwenye kitu kinene kama kopo. Usiukunje, usiupindue ndani nje, maana nyuzi za kaboni zikivunjika ndani huoni kitu kwa nje, hadi siku utakapokatikia juu ya daraja.